Bima ya Nyumba na Khasara za Ghasia: Yanayowapasa Kujua Wenye Nyumba Tunduma

Ndugu Wanachama,

Ofisi yenu imekuwa ikipokea swali moja kutoka kwa wanachama mbali mbali. Swali ni hili: Nyumba iliyokatiwa bima ikivunjwa madirisha, au ikatiwa moto, au ikaporwa wakati wa ghasia, je, bima italipa? Wanaouliza zaidi ni wale walio na nyumba na maduka Bara, khasa mji wa Tunduma katika Mkoa wa Songwe, ambako vijana wa visiwani wamekwenda kutafuta riziki. Fedha ya karafuu iliyochumwa hapa imegeuka matofali na mabati kule mpakani, na mwenye mali amekaa huku ng'ambo ya bahari akiomba salama.

Jawabu kwa ufupi ni hili. Bima yaweza kulipa, na yaweza isilipe, na tofauti haitokani na ukubwa wa khasara. Hutokana na jina la tukio lililoleta khasara, na kama jina hilo limo katika mkataba wako au limetolewa. Jiwe ni lile lile na kioo ni kile kile. Akilirusha mlevi usiku, huenda ukalipwa. Likirushwa na kundi la watu siku ya vurugu za uchaguzi, huenda usilipwe senti moja. Kwa hivyo twaona yafaa kulieleza jambo hili kwa kituo, ili kila mwanachama autazame mkataba wake kabla ya jambo kutokea.

TUNDUMA NI MJI WA NAMNA GANI

Kwa wanachama wasiofika huko, Tunduma umo mpakani na Zambia, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, na unatazamana na mji wa Nakonde upande wa pili. Barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA zote hupita hapo. Mkoa wa Songwe ulikatwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, na makao makuu yake ni Vwawa. Oktoba 2019 Rais Magufuli wa Tanzania na Rais Lungu wa Zambia walikifungua kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde. Malori ya mizigo hupanga foleni ndefu, na penye foleni pana wauza chakula, wabadilisha fedha, nyumba za wageni na maduka. Ndiyo sababu kiwanja kilicho karibu na barabara hutafutwa sana.

Lakini mji wa watu wengi wanaopita njia hupata pia misukosuko. Aprili 2013 ugomvi juu ya kuchinja nyama uligeuka fujo mjini Tunduma; barabara zikazibwa, maduka yakafungwa, na polisi wakatumia mabomu ya machozi. Tena siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 29 Oktoba 2025, na siku zilizofuata, maandamano na ghasia zilitokea katika miji kadhaa ya Bara, na Tunduma ulikuwa miongoni mwa miji iliyotajwa. Dar es Salaam iliwekewa amri ya kutotembea usiku, na intaneti ikakatwa nchini. Baadaye Serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman.

Ukurasa huu haukusudii kusema nani alikuwa na haki na nani hakuwa nayo. Sisi twatazama ukuta ulioanguka, na twauliza nani ataujenga.

MIKATABA MIWILI INAYOFANANA

Kosa kubwa ni kudhani kuwa bima ya nyumba ni kitu kimoja. Iko mikataba ya namna mbili, na karatasi zake hufanana machoni.

Wa kwanza ni mkataba wa bima ya moto. Huo hulipa khasara ya moto na radi, na miripuko michache iliyotajwa. Mwanachama atasema, "Basi nyumba yangu ikichomwa na wenye ghasia si ni moto?" Ni moto, lakini mkataba wa moto wa kawaida huutoa moto uliosababishwa na fujo na ghasia. Ili moto huo ulipwe, hapana budi mwenye nyumba anunue nyongeza ya fujo, migomo na uharibifu wa makusudi. Nyongeza hiyo huandikwa katika karatasi ya peke yake na kubandikwa kwenye mkataba, na huongezewa ada. Bila ya karatasi hiyo, moto wa jiko utalipwa na moto wa ghasia hautalipwa.

Wa pili ni mkataba wa jumla wa makaazi. Huu hukusanya khatari nyingi pamoja: moto, mafuriko, wizi wa kuvunja, na mara nyingi fujo, migomo na uharibifu wa makusudi. Ada yake ni kubwa zaidi, lakini kwa mwenye nyumba ya kukaa ndio unaofaa zaidi.

Wanachama waliokopa benki wajitazame sana hapa. Benki ikikopesha kwa rehani ya nyumba hutaka nyumba ikatiwe bima, na mara nyingi bima ya moto huitosheleza. Mkopaji huona fedha inakatwa kila mwaka, akaamini kuwa amekingwa na kila balaa. Tena jina la benki huandikwa katika mkataba kuwa ndiyo ya kwanza kupokea fidia. Mwenye nyumba ana haki ya kuomba nakala ya mkataba huo na kuusoma. Aende akaiombe.

NGAZI NNE ZA UHARIBIFU

Wenye kazi ya bima huyagawa maovu wanayoyafanya watu katika ngazi. Tukizijua ngazi hizi tutaelewa kwa nini madai mengine hulipwa na mengine hukataliwa.

Ngazi ya kwanza ni uharibifu wa makusudi. Mtu mmoja au wachache wanavunja vioo, wanang'oa milango, au wanapaka uchafu ukutani, kwa chuki au kwa upuuzi. Mkataba wa jumla wa makaazi kwa kawaida hulipa.

Ngazi ya pili ni fujo na migomo. Kanuni ya Adhabu ya Bara husema kuwa watu 3 au zaidi wakikusanyika kwa nia ya kutenda kosa, huo ni mkusanyiko usio halali. Nao wakianza kuitimiza nia yao kwa kuvunja amani na kuwatia watu hofu, basi hizo ni fujo. Angalia idadi: watatu tu wanatosha. Uharibifu uliokuwa wa ngazi ya kwanza waweza kupanda ngazi ya pili kwa kuongezeka mtu mmoja. Ngazi hii hulipwa ikiwa nyongeza tuliyoitaja imenunuliwa.

Ngazi ya tatu ni ghasia za umma. Hapa watu ni wengi, mji mzima au miji kadhaa imehusika, na wana lengo moja, mara nyingi la siasa, ingawa hawajaingia katika vita na Serikali. Hii ndiyo ngazi yenye matatizo. Mikataba mingine huiunganisha na ya pili na kuilipa. Mingine huitoa kwa maneno kama "machafuko ya kisiasa". Mingine huitaka inunuliwe kwa mkataba wa peke yake unaoitwa bima ya machafuko ya kisiasa na ugaidi.

Ngazi ya nne ni uasi, mapinduzi na vita. Hii mkataba wa kawaida wa nyumba haulipi, popote ulimwenguni, kwa sababu khasara yake yaweza kuimeza kampuni yote kwa siku moja.

Wazee wetu hawana haja ya kufundishwa tofauti ya ngazi hizi. Wanayakumbuka machafuko ya uchaguzi ya Juni 1961 hapa Unguja, na wanayakumbuka Mapinduzi ya Januari 1964. Kwa mwenye duka lililovunjwa, mlango uliovunjika mwaka 1961 na uliovunjika mwaka 1964 ni milango miwili sawa. Kwa mtu wa bima, wa kwanza ulivunjwa katika ghasia na wa pili katika mapinduzi, na kila mmoja una kifungu chake.

Tena jina la tukio hubadilika kwa kinywa cha mwenye kulitaja. Baada ya Oktoba 2025 watu wengi walishitakiwa kwa uhaini, na baadaye wengi wao wakaachiwa. Jina la shitaka mahakamani si lazima liwe jina la tukio katika bima. Lakini kampuni isiyotaka kulipa yaweza kulishika, na mwenye nyumba akatakiwa kulijibu. Tena mikataba mingi ya moto ina sharti gumu: kampuni ikidai kuwa khasara imetokana na jambo lililotolewa, ni juu ya mwenye bima kuonyesha kuwa sivyo. Mzigo wa ushahidi uko mabegani mwako.

WALIYOYAPATA WENGINE

Jirani zetu wa Kenya walijifunza jambo hili kwa uchungu. Matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2007 yalipotangazwa, ghasia zilienea Kisumu, Eldoret, Nakuru na kwengineko, na watu zaidi ya 1,000 walipoteza maisha. Wenye maduka na nyumba walipeleka madai, na mengi yakakataliwa kwa hoja kuwa khasara ilitokana na machafuko ya kisiasa ambayo mikataba iliyatoa. Watu walikuwa wamelipa ada miaka mingi bila ya kukifungua kifungu hicho. Baada ya hapo ndipo wafanya biashara wengi wa Kenya walipoanza kuinunua bima ya machafuko ya kisiasa kwa mkataba wake.

Afrika Kusini walifuata njia nyingine. Baada ya maasi ya Soweto ya 1976, kampuni za bima zilikataa kuibeba khatari hiyo, na mwaka 1979 kikaanzishwa chombo kiitwacho Sasria, ambacho sasa ni mali ya Serikali. Mwenye nyumba hulipa kiasi kidogo juu ya bima yake ya kawaida, na khasara ya fujo na ghasia hulipwa na Sasria. Julai 2021 chombo hicho kilijaribiwa. Ghasia za KwaZulu-Natal na Gauteng zilileta madai ya kiasi cha randi bilioni 32, na Serikali ikalazimika kuingiza zaidi ya randi bilioni 20 ili Sasria iweze kulipa. Tumelitaja hili ili wanachama waone kwa nini kampuni za kawaida huiogopa khatari hii. Moto wa jiko huchoma nyumba moja, na ghasia huchoma mtaa mzima kwa usiku mmoja.

Na Uingereza sheria ya mwaka 1886 iliweka fidia ya fujo juu ya fungu la fedha za polisi wa mahali, kwa fikira kuwa kulinda amani ni kazi yao. Sheria hiyo ilibadilishwa kwa nyingine mwaka 2016, nayo imeweka kikomo cha pauni milioni 1 kwa dai moja.

Sisi kwetu mwenye nyumba asikae akitegemea mlango wa namna hizo. Mlango wake ni mkataba wake wa bima, na mkataba hauna huruma; una maneno tu.

MAMBO YANAYOWAKWAZA WENYE NYUMBA ZA MBALI

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mwanachama aliye kisiwani na nyumba yake iko Tunduma ana mambo ya ziada ya kuyaangalia, kwa kuwa hata penye nyongeza ya fujo, fidia yaweza kupotea kwa sababu hizi:

Kwanza, nyumba tupu. Mikataba mingi husema kuwa nyumba ikikaa bila ya mtu kwa muda fulani, mara nyingi siku 30, bima ya uharibifu wa makusudi na wizi husimama. Mpangaji akihama na nyumba ikafungwa miezi miwili ukisubiri mwingine, huna bima ya jambo lile lile unaloliogopa. Ipelekee kampuni khabari kwa maandishi, na uweke mlinzi.

Pili, mpangaji mwenyewe. Uharibifu unaofanywa na mtu aliyeingia kwa ruhusa yako mara nyingi hautazamwi kama wa mtu wa nje. Mpangaji akigombana nawe juu ya kodi akavunja vyoo na kung'oa nyaya za umeme, kampuni yaweza kukataa. Uliza kabla, na uchukue amana ya mpangaji.

Tatu, matumizi ya nyumba. Nyumba nyingi za Tunduma zina fremu za maduka mbele na vyumba vya kulala nyuma. Ukiikatia bima kama nyumba ya kukaa tu, ilhali mbele panauzwa simu na nyuma pamewekwa petroli ya madumu, umeficha jambo ambalo kampuni ilipaswa kulijua. Bima ni mkataba wa kuaminiana, aliyeficha hupoteza. Mwambie mpangaji asibadilishe matumizi bila ya kukuarifu.

Nne, thamani pungufu. Wako wanaotaja thamani ndogo ili ada iwe ndogo. Tutoe mfano wa kwetu. Mtu ana magunia 10 ya karafuu ghalani, akakatia bima magunia 5. Yakiungua magunia 2, hatalipwa 2. Atalipwa 1, kwa kuwa nusu ya khatari alijibebea mwenyewe. Ndivyo ilivyo kwa nyumba. Nyumba ya kujengwa kwa shilingi milioni 60 ikikatiwa bima ya milioni 30, khasara ya milioni 10 italipwa milioni 5. Tena huondolewa ile sehemu ya mwanzo ambayo kila mwenye bima hujibebea. Na thamani inayotakiwa ni gharama ya kujenga tena, bila ya bei ya kiwanja, kwani kiwanja hakiungui.

Tano, kodi na uporaji. Nyumba ikiungua, kodi ya miezi ya matengenezo hailipwi isipokuwa imeandikwa. Na vitu vilivyobebwa na waporaji vyaweza kutolewa hata kama ukuta uliovunjwa unalipwa. Uliza mawili haya kwa majina yake.

Sita, amri ya Serikali. Nyumba ikibomolewa kwa kuwa imeingia katika hifadhi ya barabara, hilo si tendo la fujo, na bima hailipi. Mjini kama Tunduma, penye barabara kuu na mpaka, hakikisha mipaka ya kiwanja kwanza.

JAMBO LIKISHATOKEA

Tahadhari kabla ya khatari. Lakini khatari ikishafika, usalama wa watu uwe mbele; nyumba hujengwa tena. Ikitulia, fanya haya kwa utaratibu.

Toa taarifa polisi upesi na uchukue namba ya taarifa. Soma namna tukio lilivyoandikwa. Ikiwa dirisha lilivunjwa na vijana wawili usiku wa manane kabla ya maandamano kuanza, hakikisha saa na idadi vimeandikwa kama ulivyoeleza. Usiongeze wala usipunguze. Uongo katika madai huyaua madai yote, hata sehemu iliyokuwa kweli.

Ipelekee kampuni khabari kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa, ambao kwa kawaida ni siku chache tu, na mwezi mmoja huwa umeshapita. Mwenye nyumba aliye Pemba amwandikie mtu wake wa Tunduma karatasi ya ruhusa mapema, ili asisubiri meli. Mwaka 2025 intaneti ilipokatwa, waliotegemea simu peke yake walikwama. Mtu aliye pale pale na karatasi mkononi hakwami.

Piga picha kabla ya kusafisha. Ziba mlango na paa ili khasara isizidi, na weka risiti za kazi hiyo. Usitengeneze zaidi mpaka mkaguzi wa khasara afike. Na picha za nyumba ikiwa nzima, risiti za ujenzi na nakala ya mkataba, viweke huku kisiwani. Karatasi za nyumba zikiwa ndani ya nyumba iliyoungua, zimeungua nayo.

Kampuni ikikataa, itake iandike sababu na kifungu inachokitegemea. Sheria ya Bima ya 2009 iliunda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, ambayo ina ofisi Zanzibar pia, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima wa kupokea malalamiko ya namna hii kabla ya mtu kwenda mahakamani. Barua ya kukataliwa isiyo na kifungu usiikubali.

Wapo pia wanachama wanaopendelea takaful, nayo siku hizi inapatikana nchini. Taratibu yake ya fedha ni nyingine, lakini swali la ngazi nne ni lile lile. Nayo ina mambo iliyoyaingiza na iliyoyatoa, na hapana budi isomwe.

MASWALI MATANO YA KUMWULIZA WAKALA

Mwanachama akienda kukata bima au kuifufua, twapendekeza aulize maswali haya matano na atake majawabu kwa maandishi. Je, uharibifu wa makusudi umo? Je, fujo na migomo zimo? Je, ghasia za umma zenye asili ya siasa zimo au zimetolewa, na zikitolewa, nyongeza yake ni shilingi ngapi? Je, nyumba ikiwa tupu bima husimama baada ya siku ngapi? Je, uporaji na kodi iliyopotea vimo? Kisha alipe ada yote na achukue risiti, kwani bila ya ada kulipwa hapana bima. Neno la mdomo la wakala, hata akiwa ni ndugu, halitasimama siku ya madai.

Ada ya nyongeza hiyo huonekana nzito katika mwaka ambao hapakutokea jambo. Nasi twajua kuwa mwaka wa mavuno haba kila shilingi ina kazi yake. Hatuwaambii wanachama wote wainunue. Mwenye kibanda cha vyumba viwili pembezoni mwa mji ana hesabu yake, na mwenye fremu 6 kando ya barabara kuu ana hesabu nyingine. Twasema tu kuwa kila mmoja achague akiwa anajua. Anayeiacha, aiache akijua kuwa khatari hiyo ameibeba mwenyewe, wala asiingojee siku ya moshi ndipo afungue bahasha.

Mwanachama yeyote mwenye mkataba asioufahamu, ikiwa umeandikwa kwa Kiingereza au kwa maneno ya kisheria, aulete ofisini siku za kazi. Tutausoma pamoja naye, kifungu kwa kifungu, na penye shaka tutamwandikia barua ya kuiuliza kampuni. Kuuliza si ujinga. Mikarafuu iliyojenga nyumba ile ilingojewa miaka mingi kabla ya kuzaa. Kusoma karatasi yake ni kazi ya asubuhi moja.

Wasalaam,
KATIBU